Siku Intahe Iliporudi

Maneno haya niliyasema mjini Kigoma, usiku wa kuamkia Julai 1, siku ya uhuru wa Burundi, mbele ya Warundi wanaoishi huku pamoja na majirani zao. Nimeyaandika kama yalivyotoka, nikiondoa tu yale niliyoyarudia mara mbili.

Amahoro. Assalamu alaikum. Shikamooni wazee wangu.

Naanza na nyinyi mlioketi mstari wa mbele, kwa sababu baadhi ya haya nitakayosema mliyaona kwa macho yenu, na mimi nimeyapata kwa kusimuliwa na kwa kusoma. Mkisikia nimekosea, msinistahi. Nikimaliza, kipaza sauti ni chenu.

Babu yangu mzaa mama alikuwa mushingantahe, mzee mwamuzi, huko Muramvya, Burundi. Kwa wale wasiojua, kwetu watu hawakukaa katika vijiji kama vya huku. Kila ukoo una mlima wake, na kila mlima una wazee wake wa kuamua mashauri. Mtu amesogeza mpaka wa shamba, mtu amemkana mtoto, ndugu wamegombea ng'ombe wa mahari: wanaitwa wazee, wanakaa chini, wanasikiliza upande huu na upande ule mpaka jua linapinda. Mkononi mzee ana kifimbo. Cha babu kilikuwa kifupi, cheusi kwa kushikwa miaka mingi, laini kama mpini wa jembe la zamani. Ncha yake moja ilikuwa imechakaa, kwa maana kila alipotaka kusema neno alilokwisha kulipima alikigonga chini kwanza. Nilipokuwa mdogo nilikichukua siku moja nikachunge nacho mbuzi. Sijawahi kuona babu amekasirika vile.

Kifimbo kile kinaitwa intahe. Bashingantahe maana yake ni wale wanaoisimika intahe ardhini. Mzee aliyekula rushwa, au aliyepindisha neno mbele za watu, hakustahili tena kuishika.

Sasa sikilizeni Warundi wanavyoiita siku ya kesho. Majirani zetu wengi husema walipata uhuru. Sisi kwa Kirundi tunasema nchi ilirudishiwa intahe ya ukwikukira, yaani fimbo yake ya kujiamulia mambo. Kitu hakirudishwi kwako kama hakikuwa chako. Katika neno hilo moja mna historia yote ninayotaka kuwapa usiku huu, pamoja na swali ambalo limenisumbua tangu ujana: je, kilichorudi mwaka 1962 ni kilekile kilichochukuliwa?

Wacha tuanze na kilichochukuliwa.

Kabla Mzungu hajaufika mlima wetu wowote, Burundi ilikuwa na ufalme uliodumu zaidi ya miaka mia mbili. Wafalme walipokezana majina manne: Ntare, Mwezi, Mutaga, Mwambutsa, kisha tena Ntare. Ngoma ya ufalme iliitwa Karyenda. Kila mwaka, mwezi wa Desemba, ilitolewa kwa ajili ya sherehe ya muganuro: mfalme alionja mtama, akabariki mbegu, ndipo nchi nzima ikapanda. Ufalme huo ulikuwa na dhuluma zake, sitaki tudanganyane. Wana wa mfalme, wale tunaowaita Baganwa, walipigania milima wao kwa wao, na wanyonge ndio walioumia. Lakini mlima wa mwisho kule Imbo na mlima wa mwisho kule Buyogoma walipanda mtama kwa neno moja, wakasema lugha moja, wakamwapia mfalme mmoja.

Mfalme aliyekuwa kitini mambo yalipoharibika ni Mwezi Gisabo. Alitawala tangu katikati ya karne ya 19 mpaka alipofariki mwaka 1908. Na vita vyake vya kwanza na wageni vilitokea huku kwenu, watu wa Ujiji mnisamehe. Muhammad bin Khalfan, yule aliyejulikana kwa jina la Rumaliza, alikuwa hapa Ujiji, na watu wake walipanda na ziwa mpaka kaskazini kutafuta watumwa na pembe. Mwezi aliwazuia. Bunduki zilipigwa, mishale ikarudi, na milimani hawakuingia. Naitaja habari hii mbele yenu makusudi, maana mimi ni mjukuu wa pande zote mbili. Babu mzaa mama ni wa Muramvya, mwenye intahe. Babu mzaa baba ni Mswahili wa Buyenzi, na wazee wake walikuja Usumbura, Bujumbura ya leo, kwa njia hiihii ya ziwa, kwa biashara, wakitokea Ujiji. Nimekua nikijua kwamba damu yangu ilishawahi kulengana mishale.

Kisha wakaja Wajerumani. Ramani ilikuwa imekwisha chorwa Ulaya miaka ya 1880, na Burundi imewekwa ndani ya Afrika Mashariki ya Kijerumani bila Mrundi hata mmoja kuulizwa. Mwishoni mwa miaka ya 1890 wakajenga ngome Usumbura, pale ufukweni. Mwezi akakataa kuwatambua. Miaka kadhaa alikataa, na wao walipata taabu naye, kwani hakuwa na jumba la kulipiga mizinga. Mfalme wetu aliishi kwa kuhamahama, na milima ilimficha.

Walimpata kwa njia ambayo mpaka leo inatuuma kuliko bunduki zao. Kulikuwa na Maconco, aliyemwoa binti wa mfalme. Kulikuwa na Kilima, aliyeshika sehemu za kaskazini magharibi. Wote wawili walikuwa na ugomvi na Mwezi, na wote wawili wakaenda upande wa Mjerumani. Mwaka 1903 Kapteni Robert von Beringe akaingia na askari wake, huku mkwe wa mfalme akiwa upande wao. Huyu Beringe ndiye ambaye mwaka mmoja kabla alipiga risasi sokwe wakubwa wa kwenye volkano za kaskazini, na mpaka leo wanyama wale wanabeba jina lake katika vitabu vya wataalamu. Kwetu aliacha kitu kingine.

Tarehe 6 Juni 1903, mahali panapoitwa Kiganda, Mwezi Gisabo alisalimu amri. Masharti aliyopewa wanafunzi wetu huyasoma shuleni kama orodha ya kukariri, lakini kaeni nayo kidogo. Amtambue Mjerumani kuwa mkubwa wake. Asiwaguse wamisionari wa Mugera. Asisumbue misafara inayopita. Amtambue Maconco na amtambue Kilima kuwa wanajitawala, maana yake akubali nchi yake ikatwe vipande na mkwewe apewe kimoja. Na alipe faini ya ng'ombe 424.

Mimi huwa nasimama kwenye hiyo namba. Mrundi wa wakati ule hakuwa na benki. Ng'ombe ndiye mahari, ndiye urafiki, ndiye heshima. Kila mmoja ana jina, na mchungaji anamjua kwa mwendo wake. Sasa fikirini ng'ombe 424 wanaswagwa kuteremka kutoka Muramvya kwenda Usumbura, na watu wamesimama juu ya milima wanatazama. Babu alisema mama yake aliwahi kumsimulia kuhusu vumbi lile. Hakusimulia kuhusu mkataba, maana hakujua kuna karatasi. Alikumbuka vumbi, na wanaume wazima waliogeuza uso ukutani.

Gavana wa Dar es Salaam wakati huo aliitwa von Götzen, na alichofanya Beringe hakikumpendeza, kwa sababu alitaka wafalme watawaliwe wakiwa bado wamekaa kwenye viti vyao. Baada ya miaka michache Wajerumani haohao wakageuka, wakamsaidia Mwezi dhidi ya Maconco. Jina la gavana huyo mnalifahamu kuliko mnavyodhani. Meli mnayoiita Liemba ilipoungwa hapa Kigoma na kuingizwa majini mwaka 1915, iliitwa Graf von Götzen. Wajerumani wenyewe wakaizamisha mwaka 1916 walipokimbia, Waingereza wakaja kuiibua na kuipa jina jipya. Watoto wetu wamesafiri ndani ya historia yao na hakuna aliyewaambia.

Mwaka huohuo wa 1916 Wabelgiji waliingia Burundi wakitokea Kongo. Mfalme wetu wakati huo alikuwa Mwambutsa, mtoto mdogo aliyetawazwa mwishoni mwa 1915 akiwa na miaka mitatu hivi. Vita vikaisha, Shirika la Mataifa likawapa Wabelgiji Ruanda-Urundi waitunze, na mwaka 1925 wakaiunga kiutawala na Kongo yao. Nchi mbili za kifalme zikawa jina moja lenye kistari katikati.

Hapo, ndugu zangu, ndipo pa kupatazama kwa makini. Mjerumani alivunja fimbo mbele za watu, kila mtu akaona. Mbelgiji aliiacha mkononi mwa mfalme, akachonga ndani.

Kwanza muganuro. Mwishoni mwa miaka ya 1920 sherehe ile ilikomeshwa. Mapadri waliiona ni ushirikina, na serikali haikutaka siku ambayo nchi nzima inamtazama mfalme. Mtama ukawa mazao tu.

Pili, machifu. Wabelgiji waliona utawala wetu una watu wengi na umechanganyika mno, wakaupunguza na kuunyoosha. Katika mwaka 1929 palikuwa bado na machifu Wahutu 27. Mwaka 1945 hakubaki hata mmoja. Hakukuwa na vita, hakukuwa na tangazo. Mmoja alistaafishwa, wa pili eneo lake likaunganishwa na la jirani, wa tatu akaambiwa hafai. Shule ya kulea watawala ikajazwa watoto wa upande mmoja. Mtoto aliyezaliwa 1930 alikua akiona kwamba anayeamuru ni wa aina hii na anayebeba mzigo ni wa aina ile, na akadhani ndivyo mababu walivyoacha. Kama kuna jambo moja ningependa vijana waliomo ukumbini waondoke nalo ni hilo: mengi tuliyouana kwa ajili yake tukiyaita ya asili, karani aliyaandika ofisini na tarehe yake inajulikana.

Tatu, kahawa na kiboko. Kila mlipa kodi alilazimishwa kupanda mibuni, na kuna kuchimba barabara, kuna kubeba mizigo, kuna kodi ya kichwa. Neno la Kirundi la viboko vile ni ikiboko, tumelichukua kwenu. Watu walikimbia. Walivuka kwenda Uganda kulima mashamba ya Waganda, walivuka kuja huku Tanganyika kukata mkonge, na wengine hawakurudi. Baadhi yenu mmezaliwa hapa kwa sababu hiyo, na mnajiita Waha kwa kuwa lugha zetu zinakaribiana.

Watu hawakunyamaza. Mwaka 1934, kule Ndora, mwanamke aitwaye Inamujandi aliwaongoza watu kukataa kodi na kazi za lazima. Wabelgiji waliwapiga, wakachoma nyumba. Naomba jina hilo lisemwe na watoto wa kike waliokaa kule nyuma. Inamujandi. Tena. Asanteni.

Sasa niteremke mjini, kwa bibi yangu mzaa baba.

Buyenzi ni mtaa wa Usumbura ambao barabara zake zinaitwa kwa namba. Wabelgiji walituweka pale, Waswahili wa Ujiji, wa Kongo, wa Umanyema, Waislamu kwa wingi, ili tusichanganyike na watu wa milimani. Mapadri walituogopa kwa dini yetu na serikali ilituogopa kwa midomo yetu, kwani Mswahili alikuwa na ndugu Kigoma, Tabora, Dar es Salaam, na habari zilimfikia kabla hazijamfikia mkuu wa wilaya. Nilipokuwa shule, mwalimu mmoja aliniambia mbele ya darasa zima kwamba Mswahili si Mrundi kamili. Nilirudi nyumbani nalia. Bibi aliniacha nilie, kisha akaingia chumbani, akachana kwa wembe mshono wa mto wake wa sufi, akaingiza mkono mpaka kiwiko, akatoa kadi ya chama. Ilikuwa imekunjwa mara nne, imeshika rangi ya chai, na mikunjo imeanza kupasuka. Juu yake jina la UPRONA, chama kilichopigania uhuru, lilisomeka. Akaniambia, "Huyo mwalimu wako, muulize bibi yake alikuwa wapi mwaka wa sitini."

Kadi ile aliificha ndani ya mto wake wa kulalia kwa sababu kuna wakati kukutwa nayo lilikuwa jambo la kulala ndani. Na mwenye chama ndiye niliyekuja kumzungumza.

Louis Rwagasore alizaliwa Gitega tarehe 10 Januari 1932, mtoto wa kwanza wa Mwambutsa. Alisomeshwa Astrida, Rwanda, katika shule ileile ya kulea watawala, akaenda Ubelgiji, akarudi mwaka 1956. Wabelgiji walitegemea atavaa suti, apewe eneo, awe chifu mwenye adabu. Alipewa eneo. Lakini mguu wake ulipenda kuteremka Buyenzi na Bwiza.

Mwaka 1957 alianzisha ushirika wa wafanyabiashara wa Burundi. Ni jambo dogo ukilisikia leo. Wakati ule biashara ya jumla ilikuwa mikononi mwa wageni, na Mrundi na Mswahili walikuwa wauza reja reja wa kuonewa. Mtoto wa mfalme akakaa na wenye maduka ya vitenge na chumvi, akahesabu nao senti. Ushirika haukudumu, ulizidiwa na madeni, na serikali ikaufurahia msiba ule. Lakini kitu kimoja hakikufilisika. Wafanyabiashara wale walikuwa wamekwisha mwamini. Chama kilipoanza ndio waliotoa magari, fedha, nyumba za kufanyia mikutano, na wao na wake zao ndio waliobeba maneno kutoka mtaa kwenda mtaa kwa Kiswahili.

Na maneno mengine yalitoka huku kwenu. Nyerere alikuwa rafiki yake, na TANU ilikisaidia chama chake. Waliokuwa wanapita na ziwa kwa biashara ya dagaa na mawese walipita na zaidi ya dagaa.

Kitu ambacho Rwagasore aliona mapema, na wenzake wengi hawakukiona, ni kwamba fimbo ikirudi ikiwa imepasuka haitafaa kitu. Chama chake kilikuwa na Baganwa, Watutsi, Wahutu, na Waswahili ambao hata hesabu za Wabelgiji hazikujua ziwaweke wapi. Angalieni Rwanda jirani mwaka 1959, ambako damu ilishaanza kumwagika. Yeye akazunguka milimani akisema Warundi ni watu wamoja. Alisema pia watu wasinunue katika maduka ya Wazungu na wasilipe kodi, na hapo ndipo walipomkamata. Oktoba 1960 waliweka mwana wa mfalme kizuizini Bururi, na uchaguzi wa mitaa ukafanyika akiwa amefungiwa. Wapinzani wake, chama cha PDC kilichopendwa na Wabelgiji, wakashinda.

Umoja wa Mataifa ukaingilia, akaachiwa, na uchaguzi wa bunge ukafanyika mbele ya macho yao tarehe 18 Septemba 1961. UPRONA ikapata viti 58 kati ya 64.

Siku ile alihutubia nchi. Mtu aliyetoka kizuizini miezi michache tu nyuma, na ambaye angeweza kulipiza kisasi, alisema ushindi huo ni wa utulivu na amani, si wa chama dhidi ya chama. Na akasema neno ambalo Warundi wengi wanalijua kwa moyo: mtatuhukumu kwa matendo yetu, na kuridhika kwenu ndiko kutakuwa fahari yetu. Mwenye kushika intahe ndivyo anavyosema. Anajua kuwa naye ana waamuzi wake.

Alikuwa waziri mkuu kwa wiki mbili.

Ijumaa tarehe 13 Oktoba 1961, jioni, alikuwa anakula chakula na watu wake katika hoteli ya Tanganyika, kando ya ziwa hili. Mtu mmoja alimpiga risasi kutoka gizani na kumwua. Rwagasore alikuwa na umri wa miaka 29. Aliyepiga ni Mgiriki, Jean Kageorgis, na nyuma yake walikuwapo viongozi wa PDC, Ntidendereza na ndugu yake Biroli, watoto wa Chifu Baranyanka. Yaani ugomvi wa koo mbili za Baganwa, Bezi na Batare, ule uliokuwapo kabla ya Mzungu, ulichukua bunduki ya kizungu. Kuhusu mkono wa maofisa wa Kibelgiji katika jambo hilo, maswali yameulizwa kwa miaka mingi, Bujumbura na Brussels kwenyewe. Mimi naamini walijua. Naisema kama imani yangu, na siku karatasi zote zitakapofunguliwa nitakubali zitakalosema.

Bibi alisema usiku ule Buyenzi hakuna aliyepika. Wanaume walikaa barazani na redio imezimwa, maana imeshasema ilichosema. Alfajiri aliposimama kuswali aligundua bado amevaa viatu.

Kageorgis alitekelezewa hukumu ya kifo tarehe 30 Juni 1962, siku moja kabla Mbelgiji hajaondoka. Kesho yake, Jumapili tarehe 1 Julai 1962, bendera ya Ubelgiji ikashushwa, ikapanda yetu, na katikati yake, kwenye duara jeupe, kulikuwa na ngoma ya Karyenda na mmea wa mtama. Kutoka Kiganda mpaka siku ile ni miaka 59. Mtu aliyeona vumbi la ng'ombe akiwa mtoto angeweza kuwa bado hai, akaiona ngoma ikipepea juu ya mlingoti.

Ndiyo siku tunayoiadhimisha kesho, na mimi nitaimba kama wengine. Lakini nilikuahidini swali.

Ngoma ilirudi kwenye kitambaa. Muganuro haukurudi. Mfalme alirudi kwenye kiti chake akiwa mtu wa makamo aliyelelewa na wakoloni. Machifu wale 27 hawakurudi, na watoto wao waliposema wanataka nafasi waliitwa wachochezi. Mtu mmoja aliyeweza kuwaketisha wote chini ya mti mmoja alikuwa kaburini Vugizo, juu ya mji. Januari 1965 waziri mkuu mwingine, Pierre Ngendandumwe, akauawa. Novemba 1966 wanajeshi wakauondoa ufalme, na ngoma ikatolewa kwenye bendera. Mwaka uliofuata mtama nao ukatolewa, zikawekwa nyota tatu. Mauaji ya 1972 na ya Oktoba 1993 sitayasimulia usiku huu. Wengi mliomo humu ndani mlikuja mkiyakimbia, mmekaa Ulyankulu, Katumba, Mishamo, na Tanzania imewapa uraia zaidi ya watu 160,000 wa mwaka ule wa 1972. Nchi iliyofanya hivyo haihitaji niisifu kwa maneno.

Niseme tu habari moja ya Nyerere. Alipokuwa mzee, ameshaacha urais, alirudi kwenye mambo ya Burundi kama mpatanishi, akawaketisha Warundi Arusha, mwaka baada ya mwaka, wakigombana mbele yake. Alifariki kabla mkataba haujatiwa saini Agosti 2000. Siku yake ya kufariki ni Oktoba 14. Ya rafiki yake ni Oktoba 13. Burundi tunapumzika tarehe 13, Tanzania mnapumzika kesho yake, na katikati ya siku hizo mbili kuna ziwa tu.

Kama mnaniuliza kipi kilirudi, nitawajibu hivi. Haki ya kukosea wenyewe ilirudi. Haki ya kuamuana wenyewe ilirudi, na Arusha tuliitumia, kwa kuchelewa, kwa kulia, lakini ni sisi tuliosaini mkataba. Ule uzoefu wa kukaa chini ya mti, mzee wa aina hii kando ya mzee wa aina ile, na neno la mmoja kupimwa na mwingine, huo haujarudi wote. Wakubwa wa kila zama, kuanzia Mbelgiji, walipenda mushingantahe awe mtu wao wa kupeleka amri mlimani. Babu yangu alikataa mara mbili. Mara ya tatu alikaa kimya, wakamwacha, na mashauri ya mlima wake yakaanza kupelekwa ofisini kwenye foleni.

Kifimbo chake ninacho. Nimevuka nacho mpaka kikiwa kimefungwa ndani ya khanga, hiki hapa. Mwenye kutaka kukishika aje akishike, watoto pia, mbuzi tu ndio hamtachunga nacho. Mtaona ile ncha iliyochakaa.

Wale waliokuwa na miaka kumi mwaka 1961 leo wamepita sabini. Bibi yangu ameshatangulia, na alichukua majina ya akina mama kadhaa wa Buyenzi waliobeba kadi zile ambayo sikuwahi kuyaandika, kwa sababu kila mara nilidhani nitamuuliza wiki ijayo. Nimekuja na daftari. Halina kitu ukurasa wa kwanza mpaka wa mwisho.

Namwona mzee pale upande wa dirisha ameinua mkono tangu nilipotaja hoteli. Mpelekeeni kipaza sauti. Karibu, mzee wangu. Anza na jina la mama yako.